Maziwa ya Somoe

Mwezi uliopita nilialikwa Mbweni kwenye harusi ya mjukuu wa Mama Upendo, mwanamke ambaye nilimlelea mtoto wake wa kwanza nilipokuwa msichana. Nyumba yenyewe ni mpya, sakafu inateleza, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe kushinda bibi harusi, nami nikakalishwa mbele, kando ya bibi mwenye shughuli, maana bado ananiita "mwanangu" ingawa sasa sote tuna mvi. Tulikula pilau, tukacheka, tukawasengenya watu wawili watatu tunaowafahamu wote. Kisha akanigeukia huku anafuta mdomo, akauliza kwa sauti ya mtu anayetafuta jina la mtaa aliousahau: "Hivi Mwamvua, yule jirani yako wa Temeke, yule aliyembemenda mwanawe mpaka akafa, aliishia wapi?" Nikaweka kijiko chini. Nilidhani dunia imekwisha kuniambia yote iliyokuwa nayo, lakini nilishtuka hadi masikio yakawaka moto. Neno hilo sikumwambia mimi. Mwaka ule nilimwambia mtoto amekufa kwa kuhara, basi. Hilo la kubemenda alilitoa wapi, na limekaaje kichwani mwake miaka yote hii wakati jina la Somoe amelisahau? Nilimjibu kwamba alirudi kwao kusini. Akasema, "Masikini," akaomba soda nyingine.

Wajukuu zangu neno hilo wanalisikia kwenye utani tu, kwa hiyo nalieleza. Walikuwa wakisema, na wengine wanasema hadi leo, kwamba wazazi wakikutana kimwili mtoto akiwa bado ananyonya, maziwa ya mama yanachafuka na mtoto anadhoofu. Ikiwa mmoja wao ametoka nje ya ndoa, basi ni mbaya zaidi: mbavu zinahesabika, miguu inakuwa njiti, kichwa kinabaki kikubwa peke yake. Huyo kabemendwa. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa unyagoni, na nilipokuwa na miaka kumi na saba niliamini kama nilivyoamini kwamba jua litachomoza. Sioni aibu kulisema hili. Kila mtu niliyemheshimu aliamini, na wengi wao walikuwa watu wazuri.

Mwaka huo niliishi katika nyumba mbili. Siku za kazi nilikuwa Kinondoni, kwenye nyumba ya serikali aliyopewa Baba Upendo, mtu wa wizarani, na mkewe mwalimu kutoka Bukoba ambaye alikuwa likizo ya uzazi. Jumamosi mchana nilirudi Temeke kwa Shangazi Bahati, nikalala huko hadi Jumapili jioni. Kule Kinondoni nilikuwa na chumba changu nyuma ya jiko, kidogo lakini kina dirisha lenye wavu. Kazi yangu ya kwanza asubuhi haikuwa mtoto, ilikuwa maji. Bomba lilikuwa ndani ya nyumba, na maji yake kwa macho yangu yalikuwa safi kabisa, lakini ilibidi niyachemshe kwenye sufuria kubwa, niyapoze, niyachuje kwa kitambaa cheupe, niyafunike kwenye jagi. Mama Upendo alikuwa anasimama mlangoni na kanga yake kiunoni, anauliza swali lilelile kila siku: "Mwamvua, yamechemka, au yamepata moto tu?" Nilimwona ana makuu. Nilimsimulia Shangazi Bahati, tukacheka mpaka machozi, kwamba kuna watu Kinondoni wanapika maji kama watu wanavyopika maharage.

Na chakula chao! Mama Upendo alikula kana kwamba kula ndiyo kazi aliyoajiriwa. Ndizi na nyama mchana, mtori asubuhi, maini ya kukaanga, mayai, glasi ya maziwa kabla ya kulala. Mama yake alikuwa ametuma ujumbe kutoka Bukoba kwamba anayenyonyesha hapunguziwi, na hakupunguziwa kweli. Sukari ilipoadimika madukani, pale haikuadimika. Ilikuja na gari la mtu, ndani ya mfuko wa khaki, hakuna aliyeulizwa. Jioni redio ilizungumza habari za usawa, kwamba hakuna tena bwana wala mtwana, na Baba Upendo alikuwa akiitikia kwa kichwa huku anachambua mfupa. Simsemi vibaya. Aliamini kila neno, na siku ya kujitolea alivaa kaptula akaenda kuchimba mtaro pamoja na wenzake. Mimi pia niliamini, nikisikiliza nikiwa jikoni, nimeegemea ukuta, mtoto mgongoni.

Temeke nyumba ilikuwa ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko, choo na kisima. Dari haikuwapo. Kuta ziliishia chini ya makuti, kwa hiyo ukikohoa chumba cha mwanzo unaambiwa pole kutoka chumba cha mwisho. Mwenye nyumba alikuwa Shangazi Bahati mwenyewe, mjane, mpishi wa vitumbua, mwanamke ambaye angekuvulia kanga yake ukiwa huna na kukusema asubuhi yake kwamba hujui kuifunga. Chumba kilichopakana na chetu alipanga Somoe na mumewe Hamza, watu wa Newala. Hamza alichonga vinyago vya mpingo, akiuza kwa wenye maduka ya mjini. Somoe alikuwa na chale mbili kila shavu na kicheko cha puani, na alipikia vipande vya mpingo alivyoviokota miguuni pa mumewe, maana mkaa wao haukutosha hata kuivisha chakula cha siku vizuri. Habari ya kuchemsha maji ya kunywa isingemwingia akilini. Ni sawa na ungemwambia aoshe mkaa. Maji yao yalikuwa ya kisimani, na kisima kilikuwa jirani na choo kwa sababu uwanja ulikuwa mdogo na vyote viwili lazima viwe mahali. Bomba lilikuwapo barabarani, likitoa maji siku linapopenda.

Mtoto wa Somoe aliitwa Issa. Alizaliwa karibu mwezi mmoja na Upendo, nami ndiye niliyewabeba wote wawili, kwa hiyo naweza kusema bila kubahatisha: Issa alikuwa mzito zaidi. Alikuwa na vifundo vya mikono vilivyokunjamana kwa unono, na akinyonya aliguna kama mzee anayesifu mchuzi. Mama yake alikuwa anakula ugali wa muhogo na mchicha, dagaa siku za neema, lakini maziwa yalimjaa hadi gauni likilowa akisikia mtoto wa jirani analia. Kila Jumamosi nilimnyanyua, nikamwambia Somoe, "Kampita yule wa Kinondoni." Naye alikuwa anajibu, "Mwambie mama yake aje ajifunze kunyonyesha." Ukimwona leo Upendo, mama wa watu wazima, mnene, mwenye sauti ya kuamuru, huwezi kuamini kwamba kuna wakati alikuwa wa pili.

Kabla ya masika Hamza aliondoka. Mpingo wa karibu ulikuwa umekwisha, wachongaji wakafanya shirika, wakaenda kuutafuta upande wa Rufiji. Aliahidi kurudi upesi, lakini mvua zikaanza, barabara zikakatika, na habari zake zikawa za kusikia kwa wapita njia. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Uani pale Temeke maji yalijaa mpaka mawe tuliyopanga ya kukanyagia yakazama, na maji ya kisima yakapanda karibu na mdomo, ya rangi ya chai ya maziwa. Tuliyaacha ndooni yatulie, tukanywa ya juu.

Aliyeanza kuugua alikuwa Upendo. Hata Kinondoni, pamoja na jagi lililofunikwa, mtoto anaweza kuokota kitu sakafuni akakitia mdomoni. Aliharisha maji matupu, macho yakaingia ndani, na Mama Upendo akapiga simu wizarani. Kabla ya adhuhuri daktari alikuwa sebuleni na mkoba wake. Nilisimama mlangoni nimeshika beseni, na nakumbuka vizuri nilichokuwa nakingoja: nilingoja lile swali. Baba Upendo alikuwa amerudi wiki hiyohiyo kutoka safari ya Dodoma, na kwa elimu yangu ya unyagoni, hapo ndipo pa kuanzia. Daktari hakuuliza. Alimbana mtoto ngozi ya tumbo kwa vidole, akatazama ulimi, akasema, "Ni vijidudu hivi, mama. Vinaingia kwa maji, kwa mikono, kwa nzi. Ziwa usimnyime hata kidogo, mnyonyeshe kuliko jana." Kisha akaja jikoni kwangu, akanionyesha namna ya kukoroga maji yaliyochemshwa na sukari na chumvi kidogo, nimpe kwa kijiko, nisichoke. Sikuchoka. Upendo alirudisha macho yake mahali pake, na siku nilipoondoka kwenda Temeke alikuwa amenitemea uji kifuani.

Nilifika Temeke nikiwa na furaha hiyo, na nilipoingia uani nikamkuta Somoe amekaa kwenye kinu kilicholazwa, Issa mapajani. Sikumtambua. Namaanisha mtoto. Nilidhani ni mtoto wa mgeni. Yale makunjo ya mikono yalikuwa yamebaki ngozi tupu, na alipotaka kulia mdomo ulifunguka bila sauti. Somoe akasema, "Ni tumbo tu, Mwamvua. Tangu Jumatatu." Alisema "ni tumbo tu" kwa nguvu, huku anatazama mlango wa chumba cha Shangazi, ndipo nikajua kwamba kuna jambo jingine limekwisha kusemwa mle ndani.

Lilisemwa tena jioni ile tukila, sote wa nyumba tumeuzunguka ugali na mchuzi wa dagaa, Somoe naye yupo, lakini hali chochote. Shangazi alinawa, akamtazama mtoto, akasema taratibu, "Mtoto gani anaisha hivi kwa tumbo? Huyu kabemendwa."

"Shangazi, mume wangu yuko Rufiji toka mvua hazijaanza," Somoe akasema. "Nimembemenda na nani?"

"Hilo ndilo tunalokuuliza sie."

Shangazi hakuwa na chuki, na hilo ndilo linalonitisha kila nikikumbuka. Alikuwa na uchungu wa kweli juu ya yule mtoto. Alikuwa tayari amepata mizizi ya kumwogeshea, akaeleza kwamba dawa haishiki mpaka mwanamke amtaje mwanamume, na kwamba tangu sasa mtoto asiguse ziwa, maana kila anaponyonya anakunywa ule uchafu. Apewe uji mwepesi. Nikasema nilivyosikia Kinondoni, kwamba daktari kakataza kabisa mtoto kunyimwa ziwa. Shangazi akanijibu bila hasira, "Mwanangu, maziwa ya yule mama yako wa Kinondoni ni safi. Usifananishe." Na Somoe, ambaye alijua kuliko sisi sote kwamba hakufanya lolote, aliingia chumbani akachana kipande cha kanga kuukuu, akajifunga kifua kwa nguvu. Nilimuuliza kwa nini anakubali. "Nikimnyonyesha akafa, watasema nimemalizia," akanijibu.

Nilikuwa na sukari kidogo niliyopewa na Mama Upendo nimpelekee Shangazi. Niliikoroga na chumvi, nikamnywesha Issa, na Jumapili yote akawa anameza. Maji nilichemsha kwa mkaa wa vitumbua, Shangazi akaniacha tu, huku anatikisa kichwa. Jumatatu nilichelewa kazini kwa makusudi ili nimpeleke Somoe kliniki. Alikuwa hataki. Nilimwambia kule kuna watu waliosomea, hawana maneno ya uani, na ndipo akajitanda.

Watu waliosomea. Tulikaa kwenye benchi refu na kina mama wengi, tukasogea kidogo kidogo hadi kwenye mzani ule wa kuning'iniza. Nesi alikuwa mama mtu mzima, kofia nyeupe, mikono mikubwa mizuri ya mtu aliyepokea watoto wengi. Alimtia Issa kwenye mfuko wa mzani, akatazama mshale, akamtazama Somoe kifuani alivyojifunga, kisha akasema kwa sauti ya kufika benchi la mwisho, "Mnafanya mambo yenu huko, mkishamaliza mnatuletea mifupa hapa. Baba yake yuko wapi?"

"Kasafiri," Somoe akasema.

"Kasafiri," nesi akarudia, na benchi zima likacheka.

Mimi nilikuwa mtoto mwenye adabu, lakini nilisimama. "Shikamoo, sista. Mie nafanya kazi Kinondoni kwa mtu wa wizarani. Mtoto wa pale naye kaharisha hivihivi wiki iliyopita. Daktari kasema ni maji, kasema vijidudu."

Hakunikaripia. Aliniangalia kama mtu anayemwelewesha mgeni njia. "Binti, wale wamesoma," akasema. "Wale hawana mambo hayo."

Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile, nimezika mume, nimeona watu wakidanganya na kuuana kwa ajili ya viwanja, lakini sijawahi kupigwa na butwaa kama nilivyopigwa pale kwenye benchi. Nilikuwa nimewaosha wale watoto wote wawili kwa mikono hii. Nepi zao zilikuwa na maji yaleyale, harufu ileile. Kumbe mmoja alikuwa mgonjwa na mwingine alikuwa ushahidi wa umalaya wa mama yake, na kilichowatenganisha ni mahali walipolala. Na aliyesema si Shangazi Bahati asiyejua kusoma. Alikuwa mwanamke aliyevaa saa kifuani, aliyesomeshwa na taifa letu wenyewe kwa ajili ya watu kama Somoe. Nilimgeukia Somoe nimwambie asubiri, mganga wa kliniki yuko nyuma ya mlango ule pale, tumebakiza watu wachache. Alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni. Nilimfuata hadi nje, nikamshika mkono, akautoa polepole. "Nikae pale wanichambue mpaka lini?" akasema. Tukarudi nyumbani kwa miguu.

Hamza alirudi siku mbili baadaye. Mimi nilikuwapo kwa kuwa Mama Upendo, nilipomweleza kwamba mtoto wa jirani ana hali mbaya, aliniruhusu nikae naye na akanipa sukari nyingine. Hilo lazima nimhesabie. Hamza alipitia barazani, na pale barazani alipewa habari zote kabla hajavua viatu. Sikuona, nilisikia, kwa sababu ya zile kuta. Nilisikia anaweka mzigo chini. Nilikaza mwili nikingoja kofi, lakini hakumpiga. Alikuwa mpole, sauti yake ilikuwa ya kumbembeleza mtu.

"Ni nani, Somoe?"

"Hakuna."

"Mie sitakufanya kitu. Mtaje tu, mtoto apone. Ni nani?"

"Wallahi hakuna, Hamza."

Waliendelea hivyo mpaka jua likachwea, yeye anaomba jina kwa ajili ya mtoto, mkewe hana jina la kumpa, na Issa yuko katikati yao kwenye mkeka. Nilifikiri, na nilijiona mwendawazimu kwa kufikiri hivyo, kwamba laiti angetunga jina lolote. Angalau wangemfungua Somoe kile kitambaa cha kifuani wakamwacha anyonyeshe. Uani kisima kilikuwa kimejaa, watu wakichota kama kawaida kwa ajili ya chakula cha jioni, na katika maneno yote yaliyosemwa nyumba ile hakuna aliyekituhumu kisima.

Issa alikufa kesho yake mchana, amelala mapajani mwangu, kijiko mkononi mwangu. Alizikwa kabla ya magharibi. Hamza alimbeba mwenyewe, na alipotoka mlangoni hakumtazama mkewe. Baada ya arobaini alimpandisha Somoe kwenye basi la Lindi na talaka yake, na tangu hapo sikupata habari ya kuaminika juu yake. Mmoja aliniambia kaolewa tena Masasi, mwingine akasema hakuolewa. Shangazi Bahati alilia siku nzima ya maziko, akapika uji wa waombolezaji kwa maji ya uani.

Lakini jioni ile ya maziko, wanaume walipokuwa bado makaburini, wanawake walijazana ukumbini, na chumbani kwa Somoe hakuingia mtu. Niliingia mimi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, jasho linamtoka, kifua kimemvimba juu na chini ya kile kitambaa hadi ngozi inang'aa. Alikuwa na homa. Nilipiga magoti nikamfungua fundo, na kitambaa kilipoachia, maziwa yakatoka yenyewe, hayakungoja kukamuliwa, yakamwagika mapajani na juu ya mkeka. Akavuta kikombe cha bati kilichokuwa karibu, akakikinga. Kikafika nusu. Akaninyooshea.

"Wewe hujazaa, huna mtoto wa kumhofia, huna la kunificha," akasema. "Onja uniambie. Yameharibika?"

Niliyanywa kidogo. Yalikuwa ya uvuguvugu, mepesi, matamu kuliko maziwa yoyote niliyokunywa Kinondoni. Nilitaka kusema uongo na sikuupata kwa wakati.

"Hayajaharibika, dada. Ni mazuri."

Alikichukua kikombe, akakitazama ndani muda mrefu, huku mengine yanaendelea kumtiririka.

"Basi mwanangu kafa na njaa," akasema, "na chakula chake ninacho."